Majina Matatu ya Mtu Mmoja: Kumtafuta Babu Aliyejenga Reli ya Marekani

Tarehe 28 Aprili 1869, katika nyika za Utah, vibarua wa kampuni ya Central Pacific walitandika maili kumi na futi 56 za reli kwa siku moja. Hizo ni kilomita kumi na sita. Yalilazwa mataruma 25,800 na vikabebwa vyuma 3,520. Wanaume wanane waliovibeba vyuma hivyo, wote Waayalandi, waliandikwa majina, na majina yao yanatajwa hadi leo: Michael Shay, Patrick Joyce, Michael Kennedy na wenzao watano. Wachina waliolaza mataruma siku hiyohiyo, wakagonga misumari na kushindilia kokoto, walikuwa wengi mno kuliko hao wanane. Hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao.

Hapo ndipo anapokwama kitukuu au kilembwe anayeishi leo San Francisco au Seattle, ambaye tangu utotoni amesikia nyumbani kwamba babu wa zamani alijenga reli. Anataka kujua babu huyo alikuwa nani hasa, alitoka kijiji gani, alioa wapi, alizikwa wapi. Anaingia kwenye nyaraka, na kila uzi anaoushika unamkatikia mkononi. Wengi hudhani tatizo ni uchache wa karatasi. Karatasi zipo, tena nyingine zina kurasa mia na ushei. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu au manne, kila moja limeandikwa mahali pake, na mojawapo ni la uongo uliotungwa kwa makusudi.

Kwanza tumjue kibarua mwenyewe. Abraham Lincoln alitia saini sheria ya reli ya kuvuka bara tarehe 1 Julai 1862. Union Pacific ingejenga kutoka Omaha kwenda magharibi, Central Pacific kutoka Sacramento kwenda mashariki, na zikakutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Central Pacific ndiyo iliyokuwa na milima ya Sierra Nevada mbele yake, na wazungu iliowaajiri walikuwa wakiacha kazi na kukimbilia machimbo ya fedha ya Nevada. Mapema mwaka 1865 Charles Crocker, msimamizi wa ujenzi, akaamua kuwajaribu Wachina wapatao 50, ingawa mnyapara wake mkuu, James Strobridge, hakutaka hata kusikia. Haikupita miaka miwili, Wachina wakawa zaidi ya elfu kumi, karibu tisa katika kila vibarua kumi.

Karibu wote walitoka eneo moja dogo: delta ya Mto Lulu katika mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, hasa zile wilaya nne ziitwazo Siyi, yaani Taishan, Kaiping, Xinhui na Enping. Hili ni la kushika tangu mwanzo, maana linapunguza msako kutoka nchi nzima hadi eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa gari kwa siku chache.

Walichimba handaki la kileleni, lenye urefu wa futi 1,659, kupitia mwamba wa matale. Walilichimba kwa pande nne kwa pamoja: kutoka kila mwisho, na kutoka katikati, ambako walishushwa kwenye shimo lililotobolewa kutoka juu ili wapasue mwamba kwenda huku na huku. Kuna nyakati walisonga mbele futi moja tu kwa siku. Poromoko la theluji lilifukia watu pamoja na kambi zao, na miili mingine haikuonekana mpaka theluji ilipoyeyuka. Juni 1867, wapatao elfu tatu waligoma wakidai dola 40 kwa mwezi na saa pungufu za kazi. Crocker akawakatia chakula, na baada ya takribani wiki moja mgomo ukafa. Hata walioongoza mgomo huo mkubwa hawajulikani kwa majina.

Karani na daftari lake

Daftari za mishahara za Central Pacific zilizosalia zimetunzwa katika makumbusho ya reli ya jimbo la California, mjini Sacramento. Katika orodha ya Januari 1864, hata kabla ya jaribio la Crocker, wamo Hung Wah na Ah Toy, na hao ni miongoni mwa Wachina wa kwanza kabisa kuonekana kwenye vitabu vya kampuni. Ukizisoma orodha za baadaye ukitarajia kukutana na maelfu ya majina, utaumia moyo. Vibarua walipangwa katika makundi ya watu kati ya kumi na wawili na ishirini hivi, kila kundi na mpishi wake na kiongozi wake. Karani alihesabu siku za kundi zima, akazidisha kwa ujira, akamkabidhi kiongozi fedha, naye akagawa kwa wenziwe baada ya kutoa gharama ya chakula. Mchina alianza na dola 26 kwa mwezi, zikapanda hadi 30 na ushei, na mwishowe 35, lakini alijilisha mwenyewe, wakati mzungu alipewa chakula juu ya mshahara wake. Wengine waliletwa kupitia wakala wa vibarua, na hapo kwenye daftari unakuta jina la wakala tu.

Kwa hiyo jina moja la Kichina kwenye daftari linaweza kusimama badala ya watu ishirini. Babu yako huenda alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa.

Na hata akiwa ndiye aliyeandikwa, je, lile ni jina lake? Chukua hilo neno "Ah", linalotokea kila mstari: Ah Sing, Ah Lim, Ah Fong. Katika Kichina cha kusini, Ah si jina. Ni kitamkwa cha mazoea kinachotangulia jina la mtu unayemfahamu, mfano wa sisi tunavyosema "kaka Juma". Karani aliuliza jina, wenzake kibarua wakamtaja walivyozoea kumwita, yeye akaandika. Ni kama Mzungu angesikia tukimwita mtu "kaka Juma", akaandika jina la kwanza Kaka, jina la ukoo Juma, kisha watoto wa Juma wakasajiliwa shuleni kwa jina la ukoo la Juma, na ukoo wao halisi ukasahaulika. Ndivyo ilivyozitokea familia kadhaa.

Tena Mchina hutanguliza jina la ukoo. Mtu wa ukoo wa Lee akijitaja kwa ukamilifu huanza na Lee. Mmarekani anayesubiri jina la ukoo mwishoni huchukua kipande cha mwisho na kukifanya cha ukoo. Ndiyo maana utakuta ndugu wa tumbo moja, wengine wakiitwa kwa ukoo wa kweli, wengine kwa jina alilopewa baba yao alipozaliwa.

Juu ya hayo kuna matamshi. Herufi ileile ya ukoo huandikwa Chan na mtu wa Hong Kong, Chin na mtu wa Taishan, na Chen kwa Kichina sanifu cha leo. Mfano ulio wazi ni Chin Gee Hee, mzaliwa wa Taishan, aliyekwenda Marekani akiwa kijana, akawa mfanyabiashara Seattle na wakala wa vibarua waliojenga reli za kaskazini magharibi. Uzeeni alirudi kwao, na kuanzia mwaka 1906 akajenga reli ya Sunning, ikapita katikati ya vijiji ambavyo vijana wake walikuwa wanatoka kwenda kupasua miamba ya watu wengine. Kwenye nyaraka za Seattle ni Chin Gee Hee. Kwenye vitabu vya historia ya China ni Chen Yixi. Mtafiti asiyejua kwamba ni mtu mmoja atamwandikia wasifu mara mbili.

Halafu lipo suala la majina yenyewe ya kijijini. Mwanamume wa Guangdong wa karne ile alipewa jina la utotoni, akipelekwa shule akapewa jingine, akioa akapewa la ndoa. Hili la ndoa ndilo lililoingizwa katika kitabu cha nasaba cha ukoo, ambacho kwa Kichina huitwa zupu. Koo nyingi zilikuwa na shairi la vizazi: kila neno la shairi ni la kizazi kimoja, na wanaume wote wa kizazi hicho huliweka ndani ya jina lao. Ukijua neno la kizazi cha babu, na ukawa na shairi mkononi, unaweza kuhesabu amepishana vizazi vingapi na mwasisi wa ukoo. Ni mpango wa kupendeza mno. Tatizo ni kwamba huko Sierra Nevada babu aliitwa kwa jina la utotoni, na kwenye kitabu cha ukoo yumo kwa jina la ndoa, na hakuna mahali majina hayo mawili yanapokutana isipokuwa vichwani mwa wazee.

Wanawake ndio waliopotezwa zaidi. Kwenye nyaraka za Marekani mke wa Mchina huandikwa Chin Shee, Wong Shee, Lee Shee. Ukiziona nyingi utadhani Shee lilikuwa jina lililopendwa. Maana yake ni "wa ukoo wa", karibu sawa na sisi tunavyosema binti fulani: Wong Shee ni mwanamke aliyezaliwa katika ukoo wa Wong. Jina lake mwenyewe, lile mama yake aliloliita uani jioni, halimo. Na kwenye zupu mara nyingi halimo pia. Binafsi hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hizi, kwa sababu yule mke aliyebaki kijijini akilea watoto kwa fedha za reli alibeba nusu ya mzigo wa safari ile.

Sheria ilipogeuza nasaba kuwa mtihani

Hapa watu wengi huchanganya vizazi, kwa hiyo tuende polepole. Vibarua waliojenga reli kati ya 1864 na 1869 waliingia Marekani kwa uhuru. Hawakuhitaji kudanganya jina. Walichonyimwa ni uraia: sheria ya 1790 iliutoa kwa wazungu huru tu, ikapanuliwa mwaka 1870 kwa watu wenye asili ya Afrika, Mchina akabaki nje. Uongo wa majina ulikuja baadaye, kwa wana na wajukuu zao, nao ulizaliwa na sheria.

Mwaka 1875 ilipitishwa sheria iliyowafungia mlango karibu wanawake wote wa Kichina. Tarehe 6 Mei 1882 ikaja ile ya kuwazuia vibarua wa Kichina kabisa. Mwaka 1888 hati za kurudi walizopewa vibarua waliokwenda kwao kusalimia zilifutwa ghafla, na wapatao elfu ishirini wakakwama nje. Waliobaki wakatakiwa, kuanzia 1892, kutembea na cheti cha ukaazi au wafukuzwe. Fikiria mzee aliyetoboa mlima kwa nyundo na baruti, sasa anasimamishwa njiani aoneshe karatasi.

Kwa kibarua na familia yake milango miwili midogo ilibaki wazi. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuingia na kuleta wake na watoto. Na mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Wong Kim Ark, ilithibitisha kwamba mtoto wa Wachina aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia. Basi kibarua wa zamani aliyetaka kumleta mwanawe ilimbidi awe kimojawapo. Wengine walinunua hisa kwenye duka la ndugu, wakapata mashahidi wawili wasio Wachina wa kuapa kwamba hawafanyi kazi ya mikono. Ndiyo maana kitukuu anayetafuta mjenga reli huishia kukuta mwenye duka la dawa au mboga, akadhani amepotea njia. Pengine hajapotea.

Kisha alfajiri ya 18 Aprili 1906 San Francisco ikatetemeka, moto ukafuata, na kumbukumbu za vizazi za mji zikateketea. Kuanzia hapo Mchina aliyedai kuzaliwa San Francisco hakuwa na karatasi ya kumthibitisha, lakini serikali nayo haikuwa na karatasi ya kumkanusha. Akikubaliwa kuwa raia, watoto wake waliozaliwa China nao ni raia. Kila aliporudi kutoka kijijini aliripoti mtoto wa kiume aliyezaliwa, awe amezaliwa kweli au hapana. Nafasi hiyo aliweza kumpa mpwa wake, au kuiuza kwa kijana wa jirani. Kijana huyo akaitwa mwana wa karatasi: jina la ukoo la mtu mwingine, tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine, ndugu ambao hajawahi kuwaona.

Serikali ikajibu kwa kuhoji. Kati ya 1910 na 1940 wengi walishushwa kwenye kisiwa cha Angel Island, ndani ya ghuba ya San Francisco. Kijana wa miaka kumi na minne aliketi mbele ya maafisa na mkalimani, akaulizwa siku nzima, na mara nyingine zaidi ya siku moja. Nyumba yenu ni ya ngapi kutoka mwanzo wa safu? Mlango unatazama upande gani? Nani anakaa nyumba ya tatu, ana watoto wangapi? Kisima kiko wapi? Chombo cha mchele huwekwa pembe ipi ya chumba? Kisha baba, wa kweli au wa karatasi, aliulizwa maswali hayohayo peke yake. Majibu yasipolingana, kijana hurudishwa. Kwa hiyo familia ziliandaa vitabu vya kukariri, na kijana alivisoma melini safari nzima kabla ya kuvitupa baharini pwani ilipoonekana. Hata mtoto wa kweli alilazimika kukariri, maana nani anakumbuka ngazi za nyumbani kwao ni ngapi?

Sasa lije lile ambalo mimi naliona ndio moyo wa jambo lote. Faili hizo zipo. Nyingi zimehifadhiwa San Bruno, kusini kidogo mwa San Francisco, na nyingine Seattle na kwingineko, chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ndani yake mna picha, mahojiano neno kwa neno, mara nyingine mchoro wa kijiji nyumba kwa nyumba na majina ya wenye nyumba. Hakuna kumbukumbu nyingine ya familia hizo iliyo nene kiasi hicho. Zile karatasi zilizotengenezwa ili kuwafungia watu nje ndizo zinazowarudisha nyumbani vitukuu wao.

Ila lazima zisomwe kwa kujua ni nini kilichoweza kudanganywa. Mwana wa karatasi alidanganya kuhusu baba yake. Hakuwa na sababu kubwa ya kudanganya kuhusu kijiji, hasa pale aliyemuuzia nafasi alipokuwa wa kijiji chake au cha jirani, jambo lililotokea mara kwa mara. Wilaya, soko la karibu, mto, ukuta wa mianzi: hivyo huwa vya kweli. Idadi ya watoto wa kiume ndiyo ya kuitilia shaka. Baba anayeripoti wana watano na hakuna binti hata mmoja, huyo anakuambia jambo. Mtafiti mzuri hasomi faili moja, anasoma ya baba, ya ami, ya shahidi, anaweka majibu sambamba kama afisa alivyofanya, lakini kwa nia tofauti.

Sheria ya 1882 ilifutwa Desemba 1943, na China ikapewa nafasi 105 kwa mwaka. Mwaka 1956 serikali ilianzisha mpango wa kukiri: ungama jina lako la kweli, na huenda ukaachwa ubaki. Lakini anayekiri anawafichua wote waliomo kwenye mti wake wa karatasi. Wengine walikiri wakarudishiwa jina la babu. Wengine walinyamaza mpaka kaburini, na watoto wao wakaambiwa tu wasiulize.

Ukoo mmoja ambao uzi haukukatika

Zipo familia ambazo jina lilivuka. Lee Wong Sang alifanya kazi Central Pacific, akapanda hadi kuwa mnyapara, baadaye akakaa San Francisco. Mwanawe, Lee Yoke Suey, alizaliwa hapohapo mjini, kwa hiyo alikuwa raia. Hata hivyo mwaka 1924 mjane wa Lee Yoke Suey aliporudi kutoka China alizuiliwa Angel Island. Hoja ya maafisa ilikuwa kwamba mume amekufa, na haki ya mke imekufa naye. Tena alipimwa akakutwa na minyoo ya ini. Alikaa kisiwani zaidi ya miezi kumi na mitano huku mawakili wakihangaika mahakamani. Huyo alikuwa mkwe wa mtu aliyejenga reli.

Mjukuu wa mama huyo ni mwanahistoria Connie Young Yu. Mwaka 1969, reli ilipotimiza miaka mia, waziri wa uchukuzi John Volpe alisimama Promontory akauliza ni nani mwingine isipokuwa Wamarekani angeweza kuchimba mahandaki kumi katika milima yenye theluji ya futi 30. Mwakilishi wa chama cha historia cha Wachina wa Marekani, Philip Choy, aliyekuwa ameahidiwa dakika chache za kuzungumza, hakupewa nafasi. Tarehe 10 Mei 2019, katika sherehe ya miaka 150, mahali palepale, Connie Young Yu alizungumza kwa niaba ya vizazi vya waliojenga.

Kwa wengine msako hauna budi kuanzia makaburini, na hapo pana tatizo lake. Wengi waliokufa kwenye reli hawakuachwa Marekani. Mila ilitaka mifupa irudi kijijini, na vyama vya wilaya viligharimia kuifukua, kuisafisha na kuisafirisha hadi Hong Kong. Juni 1870 gazeti moja la Sacramento liliandika kwamba treni imepita na ratili 20,000 za mifupa, likikadiria ni ya watu 1,200. Gazeti jingine la mji uleule likataja wapatao 50 tu. Hata waliokufa hawakuhesabiwa vizuri. Na vitabu vya zupu vilivyokuwa vinawangoja kijijini, vingi vilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni baada ya 1966. Vilivyopona mara nyingine vimo kwenye sanduku la jamaa aliyehama, Vancouver au Honolulu.

Kwa vizazi vilivyozikwa Marekani, ushauri unaotolewa na wanaoijua kazi hii ni mwepisi: piga picha jiwe zima, hasa maandishi ya Kichina usiyoweza kuyasoma. Kwenye mawe mengi jina la Kiingereza ni lile la karatasi, lile ambalo watoto walisomea na ambalo limo kwenye leseni na hati za nyumba. Maandishi ya Kichina, ambayo afisa wa uhamiaji asingeyaelewa, yanataja ukoo wa kweli. Na pembeni, kwa herufi ndogo zilizopangwa kwenda chini, wilaya na kijiji.